Namna ya Kujikinga na Saratani ya Utumbo Mpana kwa Kupima Kabla ya Dalili

Mtu akiona damu kwenye choo chake, jambo la kwanza analojiambia ni kwamba ana bawasiri. Mara nyingi huwa amekisia sawasawa, kwa kuwa bawasiri ni ya kawaida kuliko saratani kwa mbali, na hapo ndipo penye hatari, maana mtu aliyezoea kukisia sawasawa haoni haja ya kuhakikisha. Hununua dawa ya kupaka kwenye duka la dawa, au mizizi ya kuchemsha kwa mwuzaji wa dawa za asili sokoni. Damu hukoma kwa wiki mbili, hurudi, hukoma tena, na kwa kuwa habari za haja kubwa hazizungumzwi mbele ya watu, mwaka mzima unaweza kupita bila hata mwenzi wake kujua.

Mwongozo huu unahusu zaidi wakati unaotangulia hiyo damu. Saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, kwa kawaida haianzi ikiwa saratani. Huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, wakati mwingine chenye shina kama uyoga, wakati mwingine kilicholala kama baka, na kinyama hicho huweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka. Vingi havigeuki kamwe. Lakini kwa kuwa hakuna awezaye kutambua kwa hakika kipi kitageuka, daktari anapokiona hukiondoa hapohapo kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mpira wa kuchunguzia, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Wanawake waliokwisha kupimwa shingo ya kizazi kwa siki wataelewa upesi mantiki yake: kinachotafutwa ni chanzo cha saratani, kabla saratani yenyewe haijawa.

Kuna imani ya zamani kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, na haikutoka hewani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana kwa wagonjwa wake Waafrika, na mwaka 1971 aliandika kwamba sababu kubwa ilikuwa chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Alichokiona kilikuwa kweli kwa wakati wake. Tangu hapo tumehamia mijini, tumeanza kukoboa kila kitu, tunakaa ofisini na garini kutwa, na tunaishi miaka mingi zaidi kuliko wazee wetu, huku hii ikiwa saratani inayopenda umri. Ulimwenguni kote sasa hugunduliwa wagonjwa wapya wapatao milioni 1.9 kwa mwaka, na kati ya saratani zote ni ya mapafu pekee inayoishinda kwa kuua.

Jua kwanza uko kundi gani

Kwa mtu asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huu katika familia, umri wa kuanza kupima unaokubalika na wengi ni miaka 45 au 50. Marekani ilikuwa ikianza na miaka 50, kisha mwaka 2021 jopo lake la kitaifa la uchunguzi wa kinga likashusha hadi 45 baada ya kuonekana kwamba vijana wanazidi kuugua. Upimaji wa kawaida huendelea hadi miaka 75, na baada ya hapo huamuliwa kwa kuangalia afya ya mtu mmoja mmoja. England humtumia kila aliye kati ya miaka 50 na 74 kipimo cha choo kwa posta, kila baada ya miaka miwili. Kwetu hakuna bahasha inayokufuata nyumbani, kwa hiyo tarehe ya kupima lazima uipange mwenyewe na kuiandika mahali utakapoiona.

Ikiwa mzazi wako, ndugu yako wa tumbo moja au mtoto wako aliugua saratani hii, hesabu inabadilika: unaanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mgonjwa huyo, kutegemea kipi kinatangulia, na kwa kawaida unaanza moja kwa moja na kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa ule mpira, badala ya kipimo cha choo. Familia ambayo watu watatu au wanne wameugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, hasa kabla ya miaka 50, inafaa imwone daktari bingwa mapema zaidi, kwa sababu zipo aina za ugonjwa huu zinazorithiwa waziwazi. Vilevile mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa uvimbe na vidonda vya utumbo mpana ana ratiba yake ya pekee.

Kikwazo ni kwamba katika familia nyingi jina la ugonjwa halikutajwa kamwe. Wazee husema fulani alikufa kwa tumbo, basi. Inabidi uulize kwa adabu na kwa subira, na mazungumzo yenyewe huwa ya namna hii:

“Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nilitaka nikuulize habari za marehemu baba. Hasa alisumbuliwa na nini?”

“Tumbo. Lilikuwa linajaa, hapati choo. Mwishoni pale hospitali wakamtoboa hapa ubavuni, akawa anajisaidia kwenye mfuko.”

“Alikuwa na umri gani?”

“Miaka hatukuandika. Ila wewe ulikuwa darasa la pili, na yeye alinifuata mimi kwa miaka minne.”

Katika maneno hayo machache mna karibu kila kitu ambacho daktari angetaka kujua. Utumbo ulioziba na mfuko wa choo tumboni havithibitishi saratani, ila vinaielekea sana, na umri unaweza kukokotolewa. Hesabu ikileta miaka 44, mtoto huyu anapaswa kuanza kupima akiwa na miaka 34, yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya wenzake wa rika lake.

Kipimo cha choo na jinsi ya kukichukua

Njia nafuu ya kuanza ni kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kisasa, ambacho maabara hukiita FIT, kinatambua damu ya binadamu peke yake, hivyo hakichanganywi na nyama uliyokula jana wala hakikutaki ubadili chakula. Kile cha zamani cha kemikali kinahitaji sampuli za siku tatu, na kabla yake huna budi kuacha nyama nyekundu, vidonge vya vitamini C na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Uliza maabara wanatumia kipi. Hata kile cha zamani hakikuwa cha kudharauliwa: katika utafiti wa Minnesota, Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 46,000 na kutoa matokeo mwaka 1993, waliopimwa kila mwaka walikufa kwa saratani hii pungufu kwa theluthi moja kuliko wasiopimwa.

Wengi hukwama kwenye kuchukua sampuli, kwa sababu hakuna anayewaelekeza zaidi ya kuwapa kikopo na kuwaonyesha mlango wa choo. Choo kisiguse maji wala mkojo, kwa hiyo kojoa kwanza. Kwenye choo cha kuchuchumaa tandika karatasi pana au gazeti safi juu ya tundu, au tega chombo cha plastiki utakachokitupa. Kwenye choo cha kukalia, tandaza karatasi au mfuko safi wa plastiki chini ya kiti na uache ulegee katikati. Fungua kichupa, toa kijiti chake, kichokoe choo sehemu nne au tano tofauti, kwani damu haikai mahali pamoja, kisha kirudishe na kufunga hadi kilie. Kinachotakiwa ni kiasi cha kujaza mifereji ya kijiti tu. Wanaojaza kichupa wakidhani wanaisaidia maabara huiharibu sampuli, na maji yaliyo ndani ya kichupa yasimwagwe wala kuongezwa.

Andika jina na tarehe, funga kichupa ndani ya mifuko miwili, na ukipeleke siku hiyohiyo au kesho yake. Joto ni adui wa kipimo hiki, kwa sababu chembe za damu huvunjika na majibu hutoka safi ilhali damu ilikuwapo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kichupa kilichosahauliwa garini mchana mzima hakina faida tena. Kiweke kwenye mlango wa friji, na kama hakuna friji, kivulini penye ubaridi. Usichukue sampuli siku za hedhi wala wakati bawasiri inatoka damu waziwazi. Subiri siku tatu hivi baada ya kukoma.

Majibu yakiwa hayana damu, rudia baada ya mwaka mmoja, au miwili kwa mipango mingine. Kurudia huko hakuna budi, kwa kuwa FIT ya mara moja huona saratani takriban 8 katika kila 10, na vinyama vidogo huviona vichache zaidi; nguvu yake iko katika kupima tena na tena.

Majibu yakiwa na damu, tulia, lakini usikae. Wengi wanaopata majibu hayo hawana saratani; wengine wana vinyama, wengine bawasiri, wengine hawana kitu. Hata hivyo kosa ninalolihofia kuliko yote ni kurudia kipimo cha choo kwenye maabara nyingine hadi yapatikane majibu yanayopendeza. Kinyama hutoa damu leo na kesho kikakauka, kwa hiyo jibu safi la pili halifuti la kwanza. Kosa linaloshabihiana nalo ni kutibiwa amiba au minyoo na kuambiwa yamekwisha. Magonjwa hayo yapo, na kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo nacho huleta damu kwenye choo, kwa hiyo kutibiwa ni sawa kabisa. Lakini aliyevuka miaka 45 na kupata jibu lenye damu bado anahitaji kolonoskopi, na aipate ndani ya miezi michache.

Kolonoskopi: siku iliyotangulia ndiyo ngumu

Watu huogopa mpira, ilhali waliokwisha kufanyiwa husimulia zaidi usiku wa kuamkia siku hiyo. Utumbo usiposafishwa sawasawa daktari haoni kitu, fedha zako zimepotea, na utaambiwa urudi. Kwa hiyo sehemu hii ichukue kwa uzito kuliko zote.

Unapopangiwa tarehe, taja dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, za shinikizo la damu na za kuyeyusha damu, na usiache yoyote kwa uamuzi wako. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kwa kawaida husimamishwa wiki moja kabla, kwa kuwa hutia choo weusi unaong'ang'ania ukutani. Waislamu wanaofunga wapange tarehe nje ya Ramadhani, maana maandalizi haya ni ya kunywa kutwa nzima. Kipimo cha choo hakina tatizo hilo.

Siku tatu kabla, punguza makapi. Ugali wa sembe unafaa, wa dona hapana. Wali mweupe, mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, viazi vilivyomenywa na mkate mweupe ni chakula salama. Acha maharage, kunde, njugu, mchicha, kisamvu na matembele, na uache matunda yenye mbegu ndogo: mapera, pasheni, nyanya, tikiti. Mbegu ya pera haina madhara tumboni, lakini ikiziba mrija wa kifaa kazi husimama. Naam, ni mara chache sana katika maisha utakapoambiwa na hospitali uache dona ule sembe, na ruhusa hiyo inakwisha siku ya kipimo.

Siku moja kabla huli kitu kigumu. Kunywa maji, chai ya rangi isiyo na maziwa, mchuzi uliochujwa ukabaki maji matupu, maji ya dafu, juisi ya tufaha iliyochujwa. Chochote chekundu au cha zambarau kiepuke, na rosela iongoze orodha, kwa sababu rangi yake ikibaki kwenye ukuta wa utumbo hufanana na damu. Jioni utaanza dawa ya kusafisha tumbo, kwa kawaida unga unaochanganywa na maji mengi. Ladha yake haipendezi; ipoze kwenye friji, inywe kwa mrija, bilauri moja kila robo saa, na usiende mbali na choo. Ikiwa umeelekezwa kuigawa mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, zikiwa zimebaki saa nne hadi sita kabla ya kipimo, fuata hivyo hata kama ni kuamka usiku wa manane, kwa kuwa mgao huo husafisha vizuri zaidi. Utajua umefaulu pale kinachotoka kitakapokuwa maji ya rangi ya mkojo, unayoweza kuona chini yake. Kikiwa bado kama chai ya maziwa, piga simu hospitali kabla ya kuondoka nyumbani.

Kipimo chenyewe huchukua nusu saa hivi, na mara nyingi utapewa dawa ya usingizi mwepesi. Kwa ajili ya dawa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha; usiendeshe gari, usipande bodaboda peke yako, usitie saini mkataba wowote siku hiyo. Tumbo litajaa hewa kwa saa chache. Madhara makubwa, kama utumbo kutoboka, ni nadra, chini ya mtu mmoja katika kila 1,000, lakini ukipata maumivu makali, homa au damu nyingi baada ya kurudi, nenda hospitali usiku huohuo.

Usiondoke na maneno ya mdomo. Omba ripoti ya maandishi na uangalie mambo haya: je, mpira ulifika mwanzo kabisa wa utumbo mpana, pale jirani na kidole tumbo; je, utumbo ulikuwa msafi; vinyama vilikuwa vingapi na vya ukubwa gani, na majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa vinyama hivyo maabara, yatatoka lini; na kipimo kijacho ni lini. Utumbo ukiwa safi bila kinyama, kwa mtu wa kawaida kinachofuata ni baada ya miaka 10. Kikiondolewa kinyama cha milimita 10 au zaidi, kwa kawaida utaitwa baada ya miaka 3. Kuhusu gharama, uliza bima yako mapema na uulize kwa usahihi: kipimo cha mtu asiye na dalili kinalipiwa au hakilipiwi? Jibu la swali hilo mara nyingi si sawa na la mgonjwa.

Dalili zisizongoja umri

Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, na akafariki tarehe 26 Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Ratiba yoyote ya kupima kwa umri ingemkuta amekwisha kufariki. Kwa hiyo aliye chini ya miaka 45 asijifariji na namba hiyo: damu kwenye choo inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa kikawa chembamba au cha kuhara na kufunga kwa zamu, hisia kwamba hujamaliza kila utokapo chooni, kupungua uzito bila sababu, na maumivu ya tumbo yasiyoisha, vyote vinahitaji daktari, na daktari huyo akuchunguze kwa kidole. Uchunguzi huo wa dakika moja humtia aibu mgonjwa na mara nyingine daktari pia, ilhali uvimbe mwingi wa puru unafikiwa na kidole.

Upungufu wa damu nao usitibiwe kwa vidonge peke yake. Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma, lazima kuwe na mahali damu inapotokea, na utumbo ni mojawapo ya sehemu za kwanza kuangaliwa.

Juu ya chakula nitasema kidogo, kwa sababu hakichukui nafasi ya kipimo. Tumbaku, pombe, unene na kukaa kutwa huongeza hatari. Nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni ziliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kutangazwa mwaka 2025 uliwahusisha wanaume 77, baadhi yao wakibadilishiwa chakula cha asili kwa cha kimagharibi na wengine kinyume chake, na ndani ya wiki mbili tu dalili za uvimbe mwilini zilionekana kubadilika katika damu. Haukupima saratani, lakini unaonyesha kwamba mbaazi, ndizi za kupika na mboga za majani si chakula cha umaskini.

Ukitaka kuelimisha wengine

Machi ndio mwezi wa kimataifa wa saratani hii, na utepe wake ni wa buluu iliyokoza. Lakini utepe haumpeleki mtu maabara kama anavyompeleka mtu anayemfahamu. Mwaka 2000 mtangazaji wa Marekani Katie Couric, aliyefiwa na mume wa miaka 42 kwa saratani hii, alionyesha kolonoskopi yake mwenyewe kwenye televisheni, na watafiti wakaona vipimo hivyo vikiongezeka kwa kiasi kinachopimika katika miezi iliyofuata. Kwa kiwango cha mtaa, mwalimu mstaafu anayesimama kwenye kikao cha kikoba au baada ya ibada na kusema “mimi nimepima, niliondolewa vinyama viwili, nikaumwa njaa kuliko tumbo” atasikilizwa zaidi ya bango.

Watenge wanaume na wanawake ikiwa ndivyo watakavyouliza kwa uhuru, na utumie neno choo bila kulizungushazungusha, kwani wasikilizaji wataiga aibu yako. Usiwatishe kwa picha za wagonjwa wa hatua ya mwisho, anayeogopa hapimi. Na kabla hujaitisha mkutano wowote, au hujagawa hata kipimo kimoja, piga simu hospitali ya rufaa iliyo karibu uulize kolonoskopi inafanyika siku zipi, bei yake, na foleni ni ya wiki ngapi, kisha uandike majibu kwenye karatasi ile utakayowagawia watu, maana miongoni mwa hamsini watakaopima, wawili watatu watakurudia na jibu lenye damu wakiuliza waende wapi.